Besi ya ndoto: rangi ya malakiti, sahani ya shaba, priampu ya volti 18. Kazi ianze wapi?

Mwana_Katuba

Jambo wakubwa. Nina besi ya Kichina ya nyuzi nne, umbo la Jazz Bass: mikro (vinasa sauti vya chini ya nyuzi) mbili za koili moja moja, volyumu mbili, toni moja. Shingo imenyooka vizuri, ndiyo maana sitaki kununua besi nyingine. Nataka hii hii igeuke iwe ile ya ndoto. Kazi yake ni kanisa Jumapili na bendi ya rumba siku nyingine, hapa Lubumbashi.

Tamaa zenyewe ni hizi. Rangi: mwili sasa ni mweusi wa kung'aa, nataka ufanane na lile jiwe la malakiti, zile duara za kijani ndani ya kijani. Ile sahani ya kromu inayobeba vifundo iwe ya shaba yenye kutu ya kijani, na madoa ya shingoni, yale ya kuonyesha nafasi za vidole, yawe malakiti ya kweli. Sauti: priampu (kikuza sauti cha awali, cha betri) ya volti 18, pamoja na swichi ya kuunganisha mikro mbili mfululizo. Halafu nataka kushuka hadi noti ya B ya chini bila kununua besi ya nyuzi tano. Na kuna rafiki ananishawishi ning'oe freti zote, vile vyuma vya kukingama shingoni.

Makuta (pesa) hayatoshi kufanya vyote kwa mara moja. Kipi kinaleta faida, kipi ni pambo tu, na nianze na kipi nisije nikabomoa kazi niliyokwisha maliza?

---

Waya_473

Mdogo wangu, hilo swali la mwisho ndilo la maana. Kila shimo jipya litobolewe kabla ya rangi: la swichi, la betri ya pili, la skrubu za daraja jipya (kile chuma kinachoshika nyuzi mwilini) kama lipo. Funga kila kitu kikavu, hakikisha kinaingia, kisha kifungue chote ndipo mwili uende kwa rangi. Baada ya rangi ndipo unabandika karatasi ya shaba ndani ya matundu, na waya zinakuja mwisho kabisa. Mtu akichomelea kwanza halafu apake rangi, atachomelea tena.

Sasa sauti. Swichi ya mfululizo ndiyo kitu cha bei ndogo kuliko vyote ulivyotaja na ndicho kitakachosikika zaidi. Kwa kawaida mikro mbili za Jazz Bass ziko sambamba: sauti safi, ya katikati imebonyea kidogo. Ukiziweka mfululizo sauti inanenepa, inapanda kwa nguvu, na katikati inajaa. Kwenye rumba, gitaa mbili au tatu zikishaanza kugombania juu, huo ndio unene unaoiacha besi isikike.

Unahitaji swichi yenye miguu sita. Inaweza kuwa potensiometa (kile kizungusho cha chini ya kifundo cha volyumu) ya kuvuta au swichi ndogo ya kupinda inayoingia kwenye tundu la mm 6. Pima kina cha tundu kabla ya kununua. Mwili wa besi hizi una unene wa mm 44 au 45, lakini Wachina wengine hawachimbi sana, na potensiometa ya kuvuta ni ndefu: ukikosa mm 30 na ziada ya waya, itagonga sakafu na sahani haitafunga. Swichi ndogo haina shida hiyo.

Waya zinakwenda hivi, na kila mikro ina mbili: ya moto inayobeba sauti, na ya baridi inayokwenda masi, ile sehemu ya pamoja ya waya za baridi zote. Ile ya baridi ya mikro ya shingoni iondoe kwenye masi, ipeleke mguu wa kati wa upande mmoja wa swichi. Ile ya moto ya mikro ya nyuma iondoe kwenye volyumu yake, ipeleke mguu wa kati wa upande wa pili. Kwenye miguu ya chini: upande wa kwanza unakwenda masi, upande wa pili unarudi kwenye volyumu ya nyuma, pale pale waya ulipotoka. Miguu miwili ya juu iunganishe yenyewe kwa yenyewe kwa kipande kifupi cha waya. Basi. Miguu ya kati ikigusana na ya chini, besi ni ya kawaida. Ikigusana na ya juu, mikro ziko mfululizo, volyumu ya shingoni inatawala zote na ya nyuma haifanyi kitu. Usishangae ukiizungusha hiyo ya nyuma na kuona hakuna kinachobadilika. Ndivyo mchoro ulivyo.

Mtego mmoja: kama mikro ya shingoni ina bamba la chuma chini, au msuko wa waya uliofungwa pamoja na waya wake wa baridi, vitenganishe. Bamba liende masi kwa waya wake peke yake. Usipotenganisha, mfululizo utakuwa mzunguko mfupi na utasikia mikro ya nyuma imekufa.

Pima kabla ya kufunga. Chomeka kamba, volyumu zote juu, weka multimeta kwenye ncha ya pili ya kamba. Tuseme kila mikro ina kiloomu 7.5. Sambamba utasoma kama 3.6, mfululizo kama 13.4. Usitegemee 15 kamili, kwa sababu potensiometa mbili za kiloomu 250 ziko sambamba nazo na zinakula kidogo. Ukisoma sifuri au alama ya kutokuwa na mwisho, usifunge sahani. Namba zikiwa sawa lakini sauti ni nyembamba kama ya redio ndogo, mikro moja imegeuzwa: badilisha waya zake mbili.

Priampu ya volti 18 ningeiweka mwisho wa foleni. Volti 18 haziongezi sauti. Zinaongeza nafasi kabla ya sauti kupasuka, nayo inamhusu anayepiga kwa dole gumba kwa nguvu na mikro kali. Volti 9 zinakutosha. Ukishikilia 18, soma kapasita za elektroliti kwenye bodi: zikiwa zimeandikwa 16V, bodi hiyo si ya volti 18, hata muuzaji aseme nini. Betri mbili huunganishwa chanya ya moja kwa hasi ya nyingine, na ile hasi iliyobaki inapita kwenye mguu wa pete wa jeki (tundu la kuchomekea kamba) ya stereo, ili betri ikatike unapochomoa kamba. Wanaoacha kamba imechomekwa usiku kucha ndio wanaolalamika kwamba priampu inakula betri.

Toni: kapasita ya nanofaradi 47, iliyoandikwa 473. Fundi yeyote wa redio anayo, ile ya kijani ya filamu. Ukitaka toni isifunike sana, weka 223. Zile za mafuta zinazouzwa ghali kwa ajili ya gitaa hazitakupa tofauti utakayoisikia jukwaani.

Ukibadilisha potensiometa zenyewe, angalia mhimili. Za Marekani zina mhimili wa mm 6.35 na shingo ya mm 9.5, za Asia ni mm 6 na shingo ya mm 7 au 8. Vifundo vyako vya sasa havitaingia kwenye za Marekani, na matundu ya sahani yatataka kupanuliwa. Kwa kuwa sahani unaitengeneza upya kwa shaba, amua potensiometa kwanza, sahani baadaye.

---

Mama_Rangi

Kwenye rangi ndipo watu wanapoharibu besi nzima, kwa hiyo nitakaa hapo.

Usivue rangi nyeusi. Ile polyester ya kiwandani ni nene na ngumu, haitoki kwa dawa ya kuvua, na ukiipiga moto mbao inaungua au inabanduka vipande. Ikiwa haijapasuka, ni msingi mzuri kuliko utakaotengeneza wewe. Isugue kwa msasa 240 ili kuondoa mng'ao, kisha 400. Penye shimo weka mastiki ya karosri (ile ya kuzibia bodi za magari), isugue iwe sawa. Kabla ya hapo panua kidogo mdomo wa kila tundu la skrubu kwa ncha ya tobo pana. Usipofanya hivyo, skrubu ya kwanza itainua verni (tabaka la juu linaloonyesha rangi) na ufa utakimbia.

Funika mfuko wa shingo kwa skochi (utepe wa kunata), sakafu na kuta zake. Tabaka chache za rangi mle ndani zinatosha kukataza shingo kuingia, na anayeilazimisha anapasua kona. Funga mti wa sm 40 kwa skrubu kwenye matundu ya shingo. Huo ndio mkono wa kushikia na kuning'inizia.

Osha kwa dawa ya kuondoa mafuta, kitambaa kimoja cha kupaka, kingine kikavu cha kufuta. Adui mkubwa kwenye karosri ni silikoni, ile ya kung'arisha dashbodi. Ikiwa inapulizwa karibu na pale unapofanyia kazi, verni itajitenga vishimo vishimo kama macho ya samaki, na dawa yake ni kusugua yote na kuanza upya.

Sasa malakiti. Msifikirie pistole (ile ya kupulizia rangi) peke yake. Zile duara hufanywa kwa mkono. Apre (rangi ya msingi) tabaka mbili, ikauke, msasa 500. Halafu rangi ya chini ya magari, kijani hafifu kinachoelekea feruzi. Juu yake puliza verni nyembamba ya kinga, iache ikauke, ifute mng'ao kwa pedi ya kijivu. Kinga hiyo ndiyo itakayokuruhusu kukosea. Kisha chukua rangi ya akriliki ya maji, kijani kizito kilichochanganywa na nyeusi kidogo, ongeza kirefusho cha kukauka, ipake eneo dogo la kama sm 20 kwa 20. Chana kipande cha katoni; usikate kwa mkasi, chana, ili ukingo uwe na meno yasiyolingana. Kiburute kwenye rangi mbichi kwa nusu duara, ukizungusha kutoka kituo kimoja. Meno yanafuta mistari na kijani hafifu kinajitokeza. Duara lingine lianze linapokatiwa na la kwanza, lisipite juu yake, kwa sababu kwenye jiwe la kweli makundi yanakutana, hayapandani. Badilisha katoni kila mara, likilowa linaacha matope. Hukupenda? Futa kwa kitambaa cha maji, kinga iko chini.

Usitumie rangi ya mafuta kwa duara hizi. Itaonekana imekauka juu, kumbe chini bado, na verni ya magari ikifika itaikunja kama ngozi ya maziwa. Akriliki ya maji nayo ipe saa 48 kamili.

Verni ya vitu viwili: nyingi huchanganywa sehemu 2 za verni kwa 1 ya kigumishi, na tina (kiyeyushi) asilimia 5 hadi 10, lakini fuata kopo lako. Mwili mmoja haumalizi zaidi ya mililita 300 zilizochanganywa, kwa hiyo usichanganye lita, itagandia kwenye pistole. Tundu la pistole liwe mm 1.3 au 1.4, shinikizo karibu ba 2, umbali sm 15 hadi 20, kila mpito ufunike nusu ya uliopita. Tabaka la kwanza liwe ukungu tu, ili lisivuruge akriliki. Subiri dakika 10 hadi 15, kisha mbili zenye majimaji. Anza na kingo, malizia uso. Ukipulizia karibu mno inatiririka. Ukiwa mbali inafika imekauka na kuwa ngozi ya chungwa. Ukirundika tabaka bila kusubiri, tina iliyonaswa chini inatoka baadaye kwa vitundu kama vya sindano.

Kigumishi kina isosianeti. Kitambaa puani si kinga, wala barakoa ya vumbi. Ni barakoa ya mpira yenye kichujio cha mvuke wa kemikali pamoja na cha chembe, miwani na glavu, mahali pa wazi. Anayesikia kifua kinabana asiendelee hata siku moja zaidi. Hiyo pumu haiondoki kirahisi. Kama huna barakoa hiyo, mpelekee fundi wa karosri mwenye nayo mwili ulio tayari, umlipe verni peke yake. Ni kazi ya nusu saa kwake.

Majira yetu yana la kusema. Kuanzia Novemba hadi Machi hewa ina maji: kompresa inatema matone ndani ya rangi, toa maji kwenye tanki kila asubuhi na weka kichujio cha maji kwenye mpira. Kiangazi, vumbi jekundu: mwagia sakafu maji saa moja kabla. Na Juni na Julai usipulize jioni. Usiku wa Lubumbashi wakati huo ni baridi, na chini ya nyuzi joto 15 kigumishi kinalala, kesho yake verni inashika alama za vidole. Puliza saa nne asubuhi, ipate mchana mzima.

Iache wiki mbili. Kisha msasa wa maji 1500, 2000, na dawa ya kung'arisha. Kingo usiziguse kwa msasa, hapo ndipo verni ni nyembamba na ndipo kijani kitakapotoka. Maji yawe matone tu, na ziba matundu ya skrubu kwa vijiti. Maji yakiingia mbao inavimba, na ufa utauona mwezi ujao.

---

Fundi_Shaba

Sahani na madoa.

Shaba ya bati la mm 1 inatosha, mm 0.8 inapinda ukivuta kamba. Chukua sahani ya kromu kama kielelezo, ichore kwa sindano, kata kwa msumeno wa sonara, laini kwa tupa. Tundu la jeki ni mm 9.5. Matundu yote yatobolewe huku bati limebanwa juu ya ubao, la sivyo tobo inalinyanyua na kukukata vidole.

Kutu ya kijani: sugua bati kwa msasa 400, lioshe kwa sabuni hadi maji yasijitenge juu yake, usiliguse tena kwa kidole kitupu. Lilowanishe siki yenye chumvi iliyoyeyushwa, nyunyizia chumvi kidogo zaidi. Weka kikombe cha amonia ndani ya ndoo, chini kabisa, bati juu yake kwenye vijiti lisiguse maji, funika. Baada ya saa 12 hadi 24 linakuwa la samawati na kijani. Fanya nje ya nyumba. Na ndoo hiyo isiwe imewahi kuwa na javel (dawa ya maji ya kung'arisha nguo nyeupe), wala javel isiwe karibu: javel na amonia vikikutana vinatoa gesi ya sumu.

Likitoka acha likauke siku nzima bila kulisugua. Kutu mbichi ni unga. Puliza verni ukungu mara tatu au nne kabla ya tabaka lenye majimaji, kwani ukilowesha mara moja rangi inazama na kuwa kijani cheusi. Bila verni kabisa, kutu itahamia kwenye mkono na kwenye shati la Jumapili. Upande wa chini uache shaba tupu, inayong'aa, maana potensiometa hupata masi kupitia hapo. Jeki nayo iangalie: mguu wa moto ukijikunja hadi kugusa shaba, besi nzima inanyamaza. Kipande cha mpira wa kubana kwa joto kinamaliza suala hilo.

Madoa ya malakiti ya kweli yanawezekana, lakini si kwa kupachika vidonge. Malakiti ina ugumu wa 3.5 hadi 4 kwenye kipimo cha Mohs. Ni laini kwa jiwe, ila ni ngumu kuliko palisanda ya ubao wa vidole. Ukipachika kidonge na kukisugua pamoja na mbao, mbao inaondoka haraka na kidonge kinabaki kama kipele. Njia nzuri ni unga. Omba masalio kwa wachongaji wanaouza mapambo ya malakiti hapa mjini, ponda ndani ya kitambaa kilicholowa, chuja upate punje za kama nusu milimita. Toa madoa ya plastiki kwa kuyatobolea katikati na kuyang'oa. Tundu la kawaida ni mm 6.35, kina mm 2 kinatosha, ukienda zaidi unakaribia chuma cha ndani ya shingo. Paka ukingo wa tundu gundi la laki (shelaki) ili gundi ya haraka isilowe ndani ya mbao na kuacha duara jeusi. Jaza punje, dondosha gundi ya haraka ile nyembamba, jaza tena, hadi ipite uso kwa nusu milimita. Baada ya siku, shusha kwa tupa laini, kisha kwa wembe mkali, ukikinga freti za jirani kwa skochi.

Vumbi la malakiti ni la shaba, ni sumu mapafuni. Barakoa ya P3 (inayochuja chembe ndogo sana) na mashine ya kuvuta vumbi pembeni. Kusugua kwa maji ndiyo kanuni ya jiwe, lakini ubao wa vidole haupendi maji, kwa hiyo tupa na wembe badala ya msasa: zinatoa vipande, si moshi. Na shingo hiyo isisafishwe kwa ndimu au siki tena, asidi inakula malakiti.

---

Sebene_Chini

B ya chini kwenye nyuzi nne inafanyika, ila ujue unauza nini. Unafunga B, E, A, D: nyuzi za unene wa 130, 105, 85, 65, kwa elfu za inchi. G inaondoka, na nusu toni tano za juu zinaondoka nayo. Anayepanda shingoni wakati wa sebene, ile sehemu ya kasi ya gitaa kwenye rumba, atazililia kabla ya mwezi kuisha.

Sileti, kile kipande cha karibu na kichwa chenye mifereji ya nyuzi, itataka kupanuliwa. Uzi wa 130 una kipenyo cha mm 3.3, mfereji wa E ulikuwa mm 2.7. Tumia tupa ya duara, mteremko uelekee kichwani, na usishushe chini ya ulipokuwa. Mfereji ukiubana uzi, tuning haitatulia na utasikia mlio wa tiki ukizungusha ufunguo. Mvutano wa jumla unabadilika, hivyo chuma cha ndani cha shingo kitataka robo zamu. Bonyeza uzi freti ya kwanza na ya mwisho, angalia pengo kwenye freti ya 8: mm 0.3 hadi 0.4. Urefu kwenye freti ya 12 uwe mm 2.5 upande wa B, 2 upande wa D. Kitako cha B kwenye daraja kitarudi nyuma sana kutafuta tuning ya juu. Kikikwama, toa springi yake au ikate nusu.

Sasa spika. E ya chini ni hezi 41, B ni hezi 31 hivi. Makabati mengi ya kanisa hayashuki huko. Unachosikia ni haumoniki, zile sauti za juu zinazoandamana na noti hiyo, na koni inapiga hewa bure. Ukitaka D mara moja moja tu, ufunguo wa kushusha E hadi D kwa kidole unakutosha, na besi inabaki nzima.

Freti: kwa besi moja tu uliyo nayo, usizing'oe. Kanisani mwimbaji anageuza ufunguo wa wimbo ghafla, taa hafifu, unatazama mkono gizani. Rafiki yako akiinunua besi yake ya pili, aing'oe hiyo.

---

Waya_473

Naongeza kwa Sebene. Hata anayeng'oa, hazivutwi kavu. Freti inapashwa moto kwa chuma cha kuchomelea hadi gundi ilegee, inainuliwa kidogo kidogo kwa koleo lenye mdomo uliosawazishwa, la sivyo vipande vya mbao vinatoka nayo. Mfereji unajazwa ukanda wa mbao wa mm 0.5 au 0.6. Kisha sileti inashushwa, jambo ambalo wengi husahau halafu wanashangaa nyuzi ziko juu.

---

Mwana_Katuba

Aksanti wakubwa, aksanti Mama Rangi. Nimekata shauri: rangi, sahani, madoa, swichi ya mfululizo. B na freti naziacha.

Swali la mwisho. Besi hii inanguruma, hasa nyumbani tukiwa kwenye onduleri (kifaa cha kugeuza umeme wa betri), na nikishika nyuzi ngurumo inapungua. Karatasi ya shaba itamaliza? Na mara moja moja midomo ikigusa mikrofoni ya kuimba huku nimeshika nyuzi, inauma.

---

Waya_473

Hayo ni mambo mawili, na la pili ni la hatari.

Ngurumo inayopungua ukishika nyuzi inaonyesha masi ya daraja iko hai, kinachokosekana ni kinga ya matundu. Ingekuwa inaongezeka ukishika, waya mbili za jeki zingekuwa zimebadilishana. Bandika shaba yenye gundi inayopitisha umeme kwenye matundu yote matatu, vipande vipandane kwa mm 5, na kila mpando uchomelee nukta moja ya etani (bati ya kuchomelea), usiamini gundi peke yake. Pima kutoka pembe moja hadi nyingine: chini ya oomu 1. Unganisha na masi kwa waya mmoja. Usiipandishe shaba hadi iguse nguzo za sumaku za mikro.

Hiyo itapunguza mvumo wa juu, ule wa kukwaruza. Ule mzito wa hezi 50 koili moja unaupokea kwa usumaku, shaba haiuzuii. Ikiwa mikro moja imezungushwa kinyume na sumaku yake imegeuzwa, unaondoka zote mbili zikiwa juu sawa, au ukiwa kwenye mfululizo. Ndiyo faida nyingine ya swichi yako: kwa mikro za namna hiyo mfululizo hunyamaza muda wote, kwa sababu mikro zote mbili zinatoa kwa pamoja. Onduleri yenye wimbi la ngazi ngazi itakuachia mluzi hata baada ya yote hayo. Hamia onduleri ya wimbi laini, au simama mbali nayo mita mbili tatu.

Kuuma midomo si kosa la besi. Nyuzi zimeunganishwa na chasi ya ampli kupitia masi, mikrofoni na chasi ya mikseri, na moja kati ya hizo haina tera (waya wa kwenda ardhini). Weka multimeta kwenye volti za AC, uchunguze kati ya nyuzi na wavu wa mikrofoni bila kugusa chuma cha vijiti. Volti 1 au 2 si kitu. Ikisoma makumi au zaidi, usipige hadi fundi umeme aweke nguzo ya tera, na ampli na mikseri vichomekwe kwenye plagi moja yenye mguu wa tera uliofika kweli ardhini. Usikate waya wa daraja ili kuepa: utapata ngurumo, na kosa litabaki linamngoja anayefuata kushika mikrofoni.

---

Mama_Rangi

Mwana Katuba, jambo moja la kazi yangu linalogusa hapo. Waya wa masi unatoka kwenye kitundu chini ya daraja, na verni ni kizuizi. Ukimaliza kung'arisha, kwangua rangi kwa kisu pale waya unapolala, eneo la ukucha tu, ndani ya alama ya daraja lisionekane. Kunja nyuzi za waya zilizo wazi kama feni juu ya sehemu hiyo, kisha kaza daraja. Pima kutoka uzi hadi masi ya jeki: ikiwa si karibu sifuri, daraja halijagusa.

---

Mwana_Katuba

Mwili umeshafunguliwa. Kina cha tundu ni mm 27, nanunua swichi ya kupinda.